Wanaosema Ndiyo Watoke Nje

Mei 9, 1659. Jumatatu.

Mhubiri wetu ametuagiza kila ajuaye kalamu aandike rehema za Mungu siku kwa siku, angalau moja, na siku asipoiona rehema yoyote basi aandike alichokula. Mke wangu Damaris hakungoja nijifikirie. Leo asubuhi kaniletea daftari. "Wewe kushukuru unajua," akasema, "ila unashukuru kwa mdomo, na mdomo wako ukishafunguka haufungiki. Heri uandike."

Haya, naandika. Jina langu Josias Tranter, umri miaka hamsini na minne, bawabu wa Bunge hapa Westminster. Rehema ya leo si moja, ni gunia zima: nimerudishwa mlangoni pangu. Miaka sita imepita tangu askari walipopanda ngazi hizi na bunduki, wakawatoa Waheshimiwa nje na kutia kufuli. Mfalme tulikuwa tumeshamalizana naye. Akatawala jemadari aliyeitwa Bwana Mlinzi wa nchi, naye amekufa. Akashika mwanawe, naye kashindwa. Sasa jeshi lilelile lililowatoa Waheshimiwa limewasindikiza kurudi, kofia mkononi, likiomba radhi. Wamebaki hamsini na kitu, na wahuni wa mtaani wanawaita Bunge la Makalio, yaani mabaki ya nyuma ya mnyama. Waite watakavyo. Nimeushika mlango wangu nikalia machozi. Crispin Yeo, bawabu mwenzangu, akaniuliza kama nimebanwa kidole.

Mei 10.

Baridi kama Januari. Rehema: viatu havivuji.

Mei 12.

Samaki mikunga wa kuoka. Mungu ahimidiwe.

Mei 16. Jumatatu.

Yapo mambo ambayo miaka sita haikuyabadilisha, na moja ni Mheshimiwa Ambrose Wickstead. Ana miaka sabini, ana jongo kwenye miguu yote miwili, na hana neno zuri kwa kiumbe chochote. Anafika saa moja asubuhi, kabla hata ya sala, ili awahi kiti cha kona karibu na dirisha. Akishakaa, amekaa. Leo nimemfungulia mlango, nimemshika kiwiko, nimemwekea fimbo yake, na nimesubiri. Asante sikuipata. Kaniambia pumzi yangu inanuka kitunguu.

Kiti ndicho kila kitu mle ndani. Desturi yetu ya kura ni hii: Spika akiuliza, wanaosema ndiyo wanapaza sauti, kisha wanaosema siyo. Zikilingana, au mtu akibisha, wanahesabiwa. Hapo anayetaka jambo jipya ndiye anyanyuke atoke nje, kwenye ukumbi wangu wa kungojea, na anayeridhika na lililopo abaki kitini. Basi mwenye kiti kizuri hapendi jambo jipya. Akitoka, akirudi, atakuta mtu amekikalia, na sheria haimlindi. Nimeona kodi za nchi zikiamuliwa na makalio ya watu walioogopa kupoteza mto wao. Na katika wote hao, Wickstead hajanyanyuka hata mara moja. "Yule," asema Crispin, "hata tukipiga kura ya kumpeleka peponi, atabaki na wanaosema siyo."

Mei 23.

Hakuna jambo. Njegere.

Juni 7. Jumanne.

Joto limefika kwa ghafla, na Bunge limetoa uamuzi uliowaacha wenye panga midomo wazi. Kuanzia sasa hakuna ofisa atakayepewa cheo na mkubwa wake. Kila mmoja, tangu jemadari mpaka mshika bendera wa mwisho, jina lake litachunguzwa na Kamati ya Uteuzi, litasomwa ndani, litapigiwa kura. Likipita, mwenyewe atapanda hapa, aingie bila upanga, apokee hati ya cheo mkononi mwa Spika. Wanataka jeshi lijue safari hii limeajiriwa na nani.

Ukumbi umejaa buti na jasho. Crispin anafurahi mpaka anakera. "Mtazame kanali yule," ananinong'oneza, "amepanga foleni kama anasubiri kunyolewa."

Rehema: sisi mabawabu leo tumeitwa "ndugu" na watu ambao zamani walituita "wewe."

Juni 10. Ijumaa.

Kapanda Gamaliel Pinnock!

Niandike vizuri, maana mtu huyu ni rehema yenye miguu. Siku ile ya kutolewa Waheshimiwa, miaka sita iliyopita, mimi nilikataa kuachia mlango. Ujinga tu, mlango si wangu, ni wa nchi, lakini nilikuwa na hasira. Nikasukumwa, nikaporomoka ngazi zote mpaka chini, mbavu tatu zikavunjika. Watu wakaniruka kama mzoga. Aliyeinama ni sajenti mmoja wa askari walewale, mwenye kovu kidevuni. Kazi yake ilipokwisha akanibeba mgongoni kutoka hapa mpaka nyumbani, akanilaza kitandani, akamwomba Damaris radhi kana kwamba ni yeye aliyenisukuma. Na haikuishia hapo. Miaka sita sikuwa na kazi, na miaka sita, kila majira ya baridi, Pinnock alipita na jibini, na makaa, na mara moja na kondoo mzima ambaye Damaris alikataa kuuliza ametoka wapi.

Sasa ni luteni. Ana mke, Temperance, na watoto wanne, na wote wanalala kwenye vyumba vya kikosi. Cheo kikipotea, vyumba vinapotea. Lakini nani atamkataa Pinnock?

"Mzee Josias," akaniambia huku akinikabidhi upanga wake, "umenenepa."

"Ni jibini lako," nikamjibu.

Jina lake linakuja wiki ijayo. Amekaa kwenye benchi langu, chini ya dirisha. Asante, Baba uliye mbinguni.

Juni 14. Jumanne.

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Mchana alitoka Mheshimiwa Lovibond, wa Kamati ya Uteuzi. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mkavu, msafi, hatanii, lakini mwenye haki. Sijamsikia akipiga kelele. Akanikuta nikipiga miayo. "Bawabu," akasema, "wewe unawajua watu. Huyu Luteni Pinnock ni mtu wa namna gani?"

Jamani! Kuulizwa hivyo ilikuwa kama kufunguliwa pipa. Miaka sita nilikuwa nikitafuta namna ya kumlipa mtu huyu, na sasa Mungu ananiletea Kamati yenyewe mlangoni. Nikasema kila kitu. Nikasema ni mcha Mungu, halewi, haapi. Nikaona Lovibond anaitikia kwa kichwa tu, maana hayo kila mtu anasemewa, basi nikataka kumpa kitu chenye nyama. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mtu huyu alinibeba mgongoni mwake kutoka kwenye ngazi hizi hizi, siku ile."

"Siku ipi?"

"Ile mliyotolewa, Mheshimiwa. Mimi mbavu zimevunjika, yeye ndiye sajenti aliyekuwa—"

Nikaendelea. Ole wangu, nikaendelea mpaka nikafika nyumbani na kitandani na kwenye jibini. Lovibond akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nakushukuru," akaandika kitu kidogo kwenye karatasi yake, akarudi ndani.

Nikaenda nyumbani napiga mluzi. Nikamsimulia Damaris, kwa mbwembwe zote. Alikuwa anakatakata kabichi. Kisu kikasimama.

"Rudia. Ulimwambia alikuwa wapi siku ile?"

"Kwenye ngazi."

"Na bunduki?"

"Damaris, alikuwa sajenti, angeshika ufagio?"

"Na huyo uliyemwambia, yeye siku ile alikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Lovibond alikuwa ndani. Lovibond ni mmoja wa waliotolewa.

"Josias, Josias," akasema mke wangu, na hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Mdomo huponza kichwa, lakini wako umeponza kichwa cha mwenzio."

Rehema ya leo sijaiona. Kabichi.

Juni 15.

Jina la Pinnock halikusomwa. Amekaa benchini.

Juni 16.

Majina kumi na mawili yamesomwa. Lake halimo. Amekaa benchini. Joto kali.

Juni 17. Ijumaa.

Karani kanidokeza: Kamati imeliweka kando jina la Pinnock na kuandika la mtu mwingine mahali pake. Pinnock hajui. Ameniletea cheri zilizochumwa na watoto wake, akanipa nusu. Nimezila. Ningefanya nini?

Juni 20. Jumatatu.

Nimemwambia.

Nilimvuta pembeni, nikamweleza tangu mwanzo, na sikujipunguzia. Nilitegemea anitukane. Nilitamani anitukane. Akakuna lile kovu la kidevuni, akafikiri.

"Kwani ulisema uongo?" akauliza.

"Hapana."

"Nilikuwepo au sikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Basi. Wangeniuliza mimi ningesema hivyohivyo." Akanipiga bega. "Ila mzee, siku nyingine mtu akikuuliza habari zangu, mwambie napenda jibini, inatosha."

Lakini jioni Temperance alikuja nyumbani kwetu. Hakuingia. Alisimama kizingitini na mtoto kiunoni, akaniambia, "Tulikulisha miaka sita, Bwana Tranter. Hatukujua tunanoa kisu." Akaondoka. Damaris alimkimbilia, sijui waliongea nini huko njiani. Mimi nilibaki nimesimama. Ana haki, kila neno.

Rehema: Pinnock bado ananiita mzee.

Juni 22. Jumatano.

Nimemwendea Lovibond. Nilijiandaa kumchukia, ingekuwa rahisi zaidi. Nikamkuta uani anakula mkate peke yake, akanikaribisha nikae.

"Mheshimiwa," nikasema, "nilimsifu mtu, na sifa zangu zimemwangusha. Waliotoa amri siku ile mmeshawapa hati zao. Aliyetii amri mnamkata. Haki gani hiyo?"

Hakukasirika. Akafuta makombo kwanza. "Unasema kweli," akajibu. "Wale tumewapa kwa sababu tunawaogopa. Huyu simwogopi." Akaanza kusema haraka, kama mtu anayetema kitu. "Nilichaguliwa na watu elfu mbili, bawabu. Niliwaahidi nitakaa kwenye kiti kile mpaka wao ndio wanitoe. Nikatolewa kwa kusukumwa mgongoni kama mlevi anayefukuzwa baa, na nikatii. Nilifika nyumbani, mwanangu akaniuliza, 'Baba, Bunge limeisha mapema?' Nikamwambia ndiyo. Miaka sita nimekuwa nikilala na hiyo 'ndiyo.' Sasa niambie, nimpe hati kwa mkono gani aliyenisukuma?"

"Si Pinnock aliyekusukuma."

"Sijui ni nani. Hawakuwa na sura. Hilo ndilo tatizo langu."

Nilikwenda nikitafuta adui, nikamkuta mtu mwenye jeraha lilelile langu, ila lake haliko kwenye mbavu. Nikamshukuru kwa mkate.

Juni 28.

Amekaa benchini. Nimepoteza hesabu ya siku. Crispin, ambaye hajawahi kumhurumia hata paka, kamletea bia.

Julai 1.

Mvua. Amekaa benchini.

Julai 5. Jumanne.

Mvua tena, na mto umejaa. Nimefanya jambo la kipumbavu. Nimemwomba Mheshimiwa Wickstead.

Sababu ni kwamba nimeshawaomba wengine wote. Nimegonga milango mpaka vifundo vya vidole vimechubuka. Kanali wa Pinnock, ambaye naye ni Mbunge, atasimama aombe jina lirudishwe, na anasema tumekaribia kuwa sawa kwa kura. Lakini kurudisha jina ndilo jambo jipya, kwa hiyo wanaomtaka Pinnock ndio watakaotakiwa watoke nje. Na mvua hii! Wazee walioloa hawanyanyuki ovyo.

Basi asubuhi, nilipokuwa namkalisha Wickstead, nikapiga goti kana kwamba naweka sawa fimbo yake, nikamsimulia. Habari ileile. Ngazi, mbavu, mgongo. Kinywa changu hakina habari nyingine siku hizi.

Alikuwa anatazama dirishani. "Sajenti," akasema. "Mwenye kovu hapa?" Akagusa kidevu chake.

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Toka. Unanizibia upepo."

Nikatoka. Nikamwambia Crispin kwamba nikifa kabla ya mzee yule, nisizikwe upande wake.

Julai 8.

Kesho, kesho, wanasema kesho. Amekaa benchini. Temperance ameanza kufunga vyombo. Damaris amekwenda kumsaidia.

Julai 11. Jumatatu.

Ni kesho kweli. Sijala.

Julai 12. Jumanne.

Mungu wangu. Ngoja nivute pumzi niandike kwa utaratibu.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa nne Lovibond akasimama ndani akasoma majina ya kikosi kile, na mahali pa luteni akasoma la mtu mwingine. Kanali akainuka akaomba liwekwe la Gamaliel Pinnock. Mlango nilikuwa nimeuegemea, sikio kwenye ufa. Kama ni dhambi nimeshatubu. Lovibond akajibu. Hakumtukana Pinnock hata kidogo. Alisema tu, "Alipanda hapa na bunduki. Bawabu wetu ndiye shahidi, na ni rafiki yake." Nilitamani ardhi inimeze na buti zangu.

Spika akauliza. Wanaosema ndiyo wakasema ndiyo. Wanaosema siyo wakasema siyo, na madirisha yakatikisika.

"Nadhani waliosema siyo wameshinda," akasema Spika.

"Hesabu!" akapiga kelele kanali. "Tuhesabiwe!"

"Wanaosema ndiyo watoke nje."

Hapo wageni wote huondolewa ukumbini. Ikabidi nimteremshe Pinnock ngazi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nimsimamishe mvuani. "Usiogope, mzee," akaniambia. Ananituliza mimi! Nikapanda mbio, nikafungua mlango, nikasimama pembeni.

Wakaanza kutoka. Nikawahesabu kwa vidole, kisha kwa vifungo vya koti. Kanali wa kwanza. Watano. Kumi na moja, wananung'unika wakitazama nyuma kwenye viti vyao. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Ishirini na nne. Halafu hakuna mtu.

Nikachungulia. Walioketi walikuwa ishirini na watano. Mmoja tu! Nikajua kwamba nimemmaliza. Nikashika mlango niufunge, kama kazi yangu inavyonitaka, na mkono ukakataa.

Ndipo nikasikia fimbo sakafuni. Tak. Kimya. Tak.

Wickstead alikuwa amesimama.

Nilidhani jongo limemzidi, anataka maji. Waliokaa wakageuka wote. Mzee yule alitembea kutoka kona ya dirisha mpaka mlangoni, na si mbali, lakini mtu angeweza kusoma zaburi nzima. Jasho lilimtoka. Nikanyosha mkono nimsaidie, akaupiga kwa fimbo. "Mwenyewe!" akasema. Akavuka kizingiti, akaegemea ukuta wa ukumbi, akafumba macho.

"Mheshimiwa," nikanong'ona, "umetoka. Huku ni kwa wanaosema ndiyo."

"Najua huku ni wapi, mpumbavu wewe." Akavuta pumzi. "Unadhani nakaa pale kwa ajili ya upepo? Siku ile nilikataa kusimama. Wakamtuma sajenti aniburute. Akainama akaninong'oneza sikioni, 'Mheshimiwa, nishike mkono, tutembee kama tunaozungumza, asikuone mtu ukiburutwa.' Tukatembea hivyo, mimi na yeye, tukizungumza habari za mvua. Nikaapa kwamba nikirudi kwenye kiti kile sitanyanyuka tena kwa ajili ya mwanadamu yeyote." Akafumbua macho, yalikuwa mekundu. "Na jina lake sikulijua mpaka uliponipigia kelele zako wiki iliyopita. Haya, nipe kiti, nisife hapa."

Nikampa kigoda changu. Nililia waziwazi, na bawabu haruhusiwi.

Ishirini na watano wamesema ndiyo. Ishirini na wanne wamesema siyo. Karani akaandika jina.

Waliotoka wakarudi, wakisukumana kuwahi viti. Wickstead aliingia wa mwisho, na kona ya dirisha ilikuwa imeshakaliwa na Mheshimiwa mmoja kutoka pwani, kajinyoosha kabisa. Hakuna aliyesogea, sheria ni sheria. Mzee akasimama katikati ya chumba akiegemea fimbo. Ndipo Lovibond akanyanyuka kwenye kiti chake mwenyewe, akamshika bega, akamkalisha. Yeye akasimama ukutani mpaka kikao kilipofungwa, muda wa saa tatu nzima, yeye aliyeshindwa kura. Wickstead hakumwambia asante. Lakini nilimwona akimvuta koti, akamwonyesha mahali pa kuegemea ukutani ili asichoke.

Nikashuka ngazi nne nne, na mbavu zangu hizi. Pinnock alikuwa ameloa mpaka mfupa. "Ndiyo!" nikamwambia. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo!" Akakaa kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti, mvua ikimpiga, na mabega yakawa yanacheka au yanalia, sikuuliza.

Ninashukuru. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Ninashukuru, ninashukuru.

Julai 13.

Temperance amekuja. Ameingia ndani. Ameniletea jibini bila kunitazama usoni, na nimelipokea bila kusema neno. Damaris anasema huo ni muujiza wa pili.

Julai 14. Alhamisi.

Leo Pinnock ameitwa. Ameingia bila upanga, amesimama mbele ya Spika, ameambiwa kwamba Bunge lina imani naye, amepokea hati yake. Haikuchukua muda wa kula yai. Alipotoka ameikumbatia kifuani ile karatasi, nikawa natafuta maneno ya kumpongeza, mlango ukafunguka nyuma yake. Lovibond.

Crispin akaacha kutafuna.

"Luteni," akasema Lovibond, "nilipiga kura dhidi yako."

"Najua, Mheshimiwa. Asante kwa kuniambia."

"Nina swali moja tu, na silo la Kamati." "Wakubwa wako wakikuamuru tena kupanda ngazi hizi na bunduki. Utafanya nini?"

Nikasema moyoni, Gamaliel, sema hapana, sema upesi, mfurahishe mtu. Lakini huyo ni Pinnock. Akakuna kovu lake, akafikiri mpaka nikataka kumpiga teke.

"Siku ile, Mheshimiwa," akasema, "tuliambiwa tukatoe Bunge. Nikadhani Bunge ni kitu. Kama meza. Nilipoingia nikakuta wazee wenye kofia. Lakini nilikuwa sijui jina la hata mmoja, na mtu usiyemjua jina ni rahisi kumtoa." Akaitazama hati. "Sasa mmenisoma jina, mmegombana kwa jina langu, na mimi nimekaa kwenye benchi hili wiki tano nikisikia mkiitwa, mmoja mmoja. Nawajua. Sitaweza tena."

Lovibond akavua glovu ya mkono wa kulia, akamnyoshea mkono.

"Basi lijue na jina langu la kwanza," akasema, "maana hapa huitwa Lovibond tu. Naitwa Hezekiah."